Gundi Haijakauka

Kama kuna mtu aliyewajua mawaziri wetu vizuri bila kuzungumza nao hata mara moja, basi ni Bi Sponji. Aliwajua kwa makalio yao. Msicheke, nasema kweli. Miaka yote ile alipokuwa akishona viti katika karakana ya serikali, kiti cha kila mkubwa kilipita mikononi mwake siku kilipochoka, na kiti kikishafunguliwa ngozi hakifichi kitu. Yupo aliyekuwa akikaa ukingoni tu, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Yupo aliyechimba shimo katikati kwa sababu hakunyanyuka kabisa. Na yupo ambaye sponji yake ilirudi nzima, haijabonyea hata kidogo, mafundi wakaambiana kumbe yale maneno kwamba bwana yule haonekani ofisini hayakuwa ya kutia chumvi.

Jina la Bi Sponji alilipata hapohapo karakanani, kwa ajili ya vumbi la manjano lililomkaa kwenye nywele kutwa nzima. Alilizoea mpaka mama yake mzazi naye akawa anamwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa umbo la kujaa, vidole vigumu, maneno mengi, hasira za karibu zisizokaa. Mume alikuwa naye, akaondoka, na habari hiyo yeye mwenyewe haoni kama inastahili kupotezewa pumzi. Aliyebaki naye ni mama.

Mama alishapoteza macho siku nyingi, lakini ukimwona akitembea ndani ya vyumba vyao viwili utabisha. Nyumba ile aliijua kwa mkono. Hapa pana ufa ukutani, hapa pana msumari wa taulo, hapa geuka, hapa inua mguu kuna kizingiti. Alijimiminia chai yake, alikunja nguo zake, na akimaliza alikwenda kukaa kwenye kiti chake kikubwa chenye mikono, ambacho Bi Sponji alikinunua mnadani na kukishona upya. Kiti hicho zamani kilikuwa cha naibu waziri. Mama alikuwa akikikalia na kutoa amri kuliko mwenyewe alivyowahi kutoa.

"Mtu akiniondoa hapa," alizoea kusema, "itabidi nipofuke tena upya."

Alisema kwa mzaha. Lakini Bi Sponji alijua si mzaha.

Sasa, habari ya serikali kuhama mji huu ilikuwa ikipigwa danadana tangu Bi Sponji akiwa msichana. Kila wakubwa wanaoingia wanasema tunahamia makao makuu mapya, kule katikati ya nchi, mwakani tu. Mwakani inafika, watu wanacheka, wanaendelea kunywa chai. Basi ukaja uchaguzi, waliokuwemo wakatoka, wakaingia wapya, na hawa wapya hawakuwa na utani. Malori yakaanza kujipanga mtaa wa wizara asubuhi na mapema. Ikahama wizara moja, ikafuata nyingine, mpaka ukawa unapita mtaani na kusikia viatu vyako mwenyewe.

Mliokuwepo mnakumbuka. Mpiga picha za pasipoti alifunga kibanda. Fundi suti aliyekuwa akishonea makatibu wakuu akageukia sare za shule. Mama wa chai, ambaye zamani ulipanga foleni kumfikia, sasa alikuwa anakuita kwa jina tangu ukiwa kona. Kwenye milango mikubwa ya vioo walibaki walinzi wakilinda vumbi, na kila ukuta umebandikwa karatasi ya nyumba inapangishwa. Vijana walioajiriwa juzi walikwenda na malori, wakifurahi. Wenye watoto shuleni walikwenda wakiangalia nyuma.

Karakana haikuhama. Nani ahamishe karakana, wakati mkubwa wa siku hizi kiti chake kinakuja kimefungwa kwenye boksi, na kikivunjika kinatupwa? Uamuzi ukaletwa. Mwisho wa mwezi karakana inafungwa. Anayetaka kazi aende makao makuu mapya, akapangiwe chochote kitakachopatikana. Asiyetaka achukue kiinua mgongo chake akapumzike. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu: halmashauri ya mji, ambayo haiendi popote, ingeweza kuwachukua ikiona wanafaa. Mkurugenzi wa halmashauri hakutaka kubeba watu kwa huruma. Akasema wajaribiwe. Hospitali ya mji ilikuwa karibu kufungua wodi mpya ya wazazi, na vitanda vya kupimia vya kuhamishiwa humo, pamoja na mabenchi ya kungojea, vilikuwa vimechakaa vibaya. Akamwambia metroni wa hospitali, "Wapelekee kazi hao mafundi. Ukiridhika wewe, nimeridhika mimi."

Kwa hiyo maisha ya watu wanne yakawekwa mikononi mwa metroni mmoja.

Wanne hao ni hawa. Bi Sponji wa viti. Mapacha wawili wa mbao, ambao hawana hata undugu. Waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa wakishika ncha mbili za msumeno mmoja tangu ujana wao. Na msimamizi wao, Mzee Gundi, mtu mrefu mwenye kalamu ya seremala sikioni, mpole, anayependwa na kila mtu, na aliyekuwa mwongo kwa jambo moja tu duniani.

Jambo lenyewe nalieleza, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Zamani sana, Mzee Gundi akiwa bado kijana, karakana ile ilikuwa na mafundi tele, na ilisifika kwa kasi. Waziri anataka meza kesho, kesho meza ipo. Siku moja akaja afisa kutoka utumishi, akasimama mlangoni, akaona meza zimekwisha na mafundi wanapiga soga. Akaenda zake. Baada ya muda mfupi nusu yao wakapunguzwa, kwamba kama kazi inaisha upesi hivi, basi mko wengi mno. Waliobaki walipata somo, wakalishika kama dini. Tangu siku hiyo kitu kikikamilika kinalazwa. Kinasukumwa nyuma ya karakana, kinafunikwa turubai, na kinakaa humo mpaka mwenye kitu akate tamaa. Akija kuuliza anaambiwa gundi haijakauka. Meza, gundi haijakauka. Kiti, gundi haijakauka. Liliwahi kuletwa kabati la chuma ambalo kitasa chake kimekatika, mwenyewe akaambiwa gundi haijakauka, akashukuru akaenda zake.

Bi Sponji aliajiriwa akakuta utaratibu huo, akaufuata. Alikuwa akiucheka, lakini aliufuata.

Vitanda na mabenchi ya hospitali vilipoletwa walivifanyia kazi kwa moyo ambao hawakuwa nao siku nyingi. Mapacha walibadilisha miguu iliyoliwa na mchwa, wakaipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hujikwaruzi. Mzee Gundi alipaka vanishi mwenyewe, hakumwachia mtu. Bi Sponji alibandua ngozi zote kuukuu, akatupa sponji iliyokuwa imegeuka unga, akaweka mpya nene, kisha akavuta ngozi bandia ya kijani juu yake na kushona kingo kwa shazia, ile sindano yake nene, pembe kwa pembe, bila mkunjo. Alikuwa akiwafikiria wanawake watakaolala pale na matumbo yao makubwa. Waziri hakuwahi kumfikiria hivyo.

Wakamaliza mapema kabisa. Na mtu yeyote asiulize nani aliamuru, kwa sababu hakuna aliyeamuru. Mapacha walisukuma vitanda nyuma, Mzee Gundi akaleta turubai, na Bi Sponji, kwa mkono wake mwenyewe, akavuta pembe ya turubai ikafika chini.

Asubuhi moja wiki iliyofuata Bi Sponji aliamka akakuta furushi kando ya kiti cha mama. Shuka limefungwa mafundo mawili, limekazwa.

"Hili nini, mama?"

"Vitu vyangu. Nimemwambia dada yako aje anichukue."

"Nani amekwambia unahama?"

"Hakuna aliyeniambia. Nina masikio." Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha naibu waziri, mikono juu ya magoti. "Usiku hulali, unageuka kama chapati. Nenda kwenye kazi yako huko wanakokwenda wenzako. Mimi sitakuwa sababu ya mtoto wangu kukaa bure. Dada yako ana nyumba kubwa."

"Nyumba ya dada huijui, mama."

"Nitajifunza."

Bi Sponji alilitazama furushi. Alijua kwa dada kuna ngazi, kuna watoto wanaoacha vitu sakafuni, na kuna mama ambaye atakaa kwenye kiti kimoja kutwa akiogopa kunyanyuka. Aliumia. Akafunga mlango taratibu, akaenda kazini bila kunywa chai.

Siku hiyohiyo ndiyo aliyokuja metroni.

Alikuja kwa miguu, bila taarifa, mwanamke mfupi mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Alisalimia, akazungusha macho. Akaona mabenchi ya kazi yamefagiliwa, randa imetundikwa, Mapacha wamekaa juu ya gogo wakila karanga.

"Nimekuja kuona vitanda vyangu vimefikia wapi," akasema.

Mzee Gundi alinyanyuka kwa heshima, akatoa kalamu sikioni, akairudisha. Nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka alipojisikia anasema.

"Vinaendelea vizuri, mama. Ila gundi haijakauka."

Bi Sponji alikuwa ameshika shazia. Alitaka kufungua mdomo, mdomo ukawa mzito. Mtu akishazoea kunyamaza miaka yote hiyo, haamki asubuhi moja akajua kusema.

"Naweza kuviona?" metroni akauliza.

"Haifai kuviona kwa sasa. Vumbi litaingia."

"Kwenye gundi."

"Ndiyo, mama."

Metroni alimtazama, kisha akawatazama Mapacha na karanga zao. "Mzee wangu, wodi ninaifungua wiki hii. Nina akina mama wanaokaa sakafuni. Nilimwambia mkurugenzi nawapa nafasi, na sijaona hata kitanda kimoja. Hapa hamna karakana, hapa pana kijiwe. Nitamwambia hivyo." Akaaga kwa adabu na kuondoka, viatu vyake vikisikika mpaka kona.

Mmoja wa Mapacha alikuwa bado ana karanga mkononi, hakujua aile au aiteme ile iliyokuwa mdomoni.

"Atarudi," Mzee Gundi akasema. "Huwa wanarudi."

Hapo hasira ya Bi Sponji ikapanda, na mngeijua hasira yake mngeelewa kwa nini Mapacha walisogea. "Anarudi nani, Mzee? Wale waliokuwa wakirudi wamehama na malori. Huyu harudi. Huyu ana wagonjwa."

"Mwanangu, mimi niliona watu wakifukuzwa kwa kumaliza kazi. Niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa rafiki zangu."

"Najua, Mzee. Na sisi tunafukuzwa sasa hivi kwa kutomaliza, na vitanda vimekwisha, viko hapo nyuma vimelala. Mama yangu amefunga furushi. Unanisikia? Kipofu amefunga furushi lake mwenyewe ili mimi nisipoteze kazi, na kazi yenyewe nimeifunika turubai kwa mkono huu."

Alikuwa analia na hakujificha. Alikwenda nyuma, akashika turubai, akalivuta lote kwa mpigo mmoja likaanguka. Vitanda na mabenchi vilikuwa pale, vya kijani, vinang'aa, vimekauka zamani.

Mapacha hawakungoja kuambiwa. Walileta mkokoteni wa kubebea mbao, wakaanza kupakia. Walipakia ovyo kwa haraka, kitanda kimoja kikaning'inia. Bi Sponji akashika mpini, akavuta, mzigo ukayumba.

"Hata kufunga mzigo hamjui," ikasikika sauti nyuma yao. Mzee Gundi alikuwa amesimama na kamba mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kupigwa. Alizungusha kamba, akakaza, akaweka matambara chini yake ili isikwaruze vanishi, kisha akaenda nyuma ya mkokoteni na kuanza kusukuma.

Wakapita mtaa wa wizara mchana kweupe. Walinzi waliokuwa wakisinzia walisimama. Mama wa chai akauliza mnahama na nyinyi, Bi Sponji akamjibu hapana, tunapeleka kazi, na akajishangaa sauti yake ilivyotoka kubwa. Mlinzi mmoja aliacha lango lake, ambalo halikuwa na kitu cha kulinda, akaja kusaidia kupandisha mkokoteni kilima cha hospitali.

Metroni aliwakuta uani. Hakuonyesha furaha wala hasira. Alipitisha kiganja juu ya kitanda cha kwanza, akabonyeza pembe, akainama kunusa vanishi.

"Hii gundi imekauka lini?" akauliza.

Mzee Gundi alifungua kinywa. Bi Sponji akamwahi.

"Wiki iliyopita, mama. Vyote vilikuwa tayari. Tulivificha."

"Mlivificha vitanda vya wagonjwa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Bi Sponji angeweza kutunga kitu. Karakana nzima ilikuwa na mazoezi ya kutunga. "Tuliogopa kumaliza," akasema. "Huko tulikotoka, ukimaliza, wanaona hawakuhitaji."

Metroni alivua viatu vyake vyeupe, akapanda juu ya kitanda mbele ya watu wote, akalala chali na sare yake ile iliyopigwa pasi, akafumba macho. Akageuka ubavu. Wauguzi dirishani walikuwa wakibana midomo wasicheke. Alipokwisha kuridhika akashuka, akamwita mama mmoja mjamzito aliyekuwa amekaa chini ukutani, akamwonyesha benchi lililokuwa ndiyo kwanza linashushwa. Mama yule akakaa, akaegemea, akashusha pumzi ndefu.

"Njooni niwaonyeshe kitu," metroni akawaambia.

Aliwapeleka nyuma ya jiko, akafungua mlango wa stoo. Mlango haukufunguka wote kwa jinsi mlivyojaa. Viti vya magurudumu visivyo na migongo, machela zilizochanika, vitanda vya watoto vimekaa kimoja juu ya kingine, magodoro, makabati, vigoda. Vilipanda mpaka darini.

"Na zahanati zote za mji zina stoo kama hii," akasema. "Na shule zina madawati. Mimi hapa sina hofu ya nyinyi kumaliza. Mtamaliza lini haya?"

Mzee Gundi alivitazama vile vitu. Macho yalimlowa. Midomo yake ikaanza yenyewe, kwa mazoea, "Gu..." Bi Sponji akamkanyaga mguu.

Mzee akakohoa. "Vya kwanza wiki ijayo," akasema. Akafikiri kidogo. "Usije kuvichukua, mama. Tutakuletea."

Siwadanganyi kwamba mambo yalinyooka siku ileile. Mkurugenzi alikuja kujionea mwenyewe, akauliza maswali, akaondoka, akawaacha roho juu. Pacha mmoja hakuweza kungoja, alikuwa na mke aliyekwisha kupata kazi makao makuu mapya, akaenda. Mwenzake alimsindikiza stendi akarudi na macho mekundu, na tangu siku hiyo msumeno ule mrefu uko ukutani, hajaushika. Mzee Gundi anastaafu karibuni. Lakini kabla mwezi haujaisha mkurugenzi alileta jibu, na siku iliyofuata mtu wa rangi akapanda ngazi mlangoni pa karakana, akafuta jina la wizara, akaandika la halmashauri. Herufi zimepinda kidogo. Turubai lile walilishona likawa kivuli cha mbele, ambako vitu vilivyokwisha vinawekwa sasa, barabarani, kila mtu avione.

Siku ile ya jibu Bi Sponji alikwenda nyumbani kwa mwendo wa kukimbia, mwili wake ule na jua lile. Alimkuta mama pale pale kwenye kiti, furushi pembeni, maana dada alikuwa ameambiwa angoje jibu, miguu ameikunja chini ya gauni.

"Umechelewa," mama akasema. "Wamekubali, au gundi haijakauka?"

"Wamekubali, mama. Nabaki. Tunabaki."

Mama alipapasa mkono wa kiti, mbele na nyuma. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kutoa amri, "Basi nifungulie hilo furushi. Malapa yangu yako chini kabisa. Siku zote hizi natembea pekupeku na sakafu hii ni baridi."

Bi Sponji alipiga magoti. Mafundo mama aliyakaza kweli, ilibidi afungue kwa meno. Alitoa nguo moja moja, akafika chini, akayapata malapa, akayavisha miguu ile iliyokuwa baridi kweli. Mama akanyanyuka, akaweka kiganja ukutani, akaufuata ufa, akagusa msumari wa taulo, akageuka pale pa kugeuka, akainua mguu kwenye kizingiti.

"Njoo," akaita kutoka jikoni. "Nakupikia chai."